Sura ya Sita: Mashine Isiyotoa Onyo

Mtuhumiwa alikuwa amekiri, na hilo ndilo lililomkera Inspekta.

Kukiri kwenyewe hakukuwa na kasoro. Mfungashaji wa kampuni ya maji, mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, aliketi ng'ambo ya meza akarudia yale yale aliyomweleza Sajini. Ndiyo, yeye ndiye aliyeondoa sehemu ya sauti kwenye programu inayolinda tangi la kilimani. Ndiyo, ndiyo maana king'ora hakikulia tangi lilipojaa. Maji yalifurika, yakaulegeza ukuta, ukuta ukamwangukia mlinzi, na sasa mlinzi yuko wodini na nyonga iliyovunjika. Yote hayo aliyakubali bila kuulizwa mara ya pili. Jambo moja tu alilikataa, nalo ndilo lililobeba kifungo: hakukubali kwamba alikusudia.

"Niliambiwa niiondoe," alisema.

"Na nani?"

"Na Mkaguzi."

Sajini, aliyekuwa ameegemea mlango na jalada kwapani, alishusha pumzi. "Afande, hilo tulishalipitia. Mkaguzi si mtu. Ni programu."

"Najua si mtu," alisema Inspekta. "Ndiyo maana namtaka. Watu nimeshawahoji wa kutosha."

Kituoni walimwita Inspekta Kwani, mwanzoni nyuma ya mgongo wake na siku hizi hata usoni, kwa kuwa maswali yake mengi yalianza hivyo. Hakulalamika kamwe. Alikuwa mwanamke wa kutaka kujua, na mtu wa kutaka kujua hupewa majina mabaya kuliko hilo.

"Kwani huyu Mkaguzi hasa anafanya nini?" aliuliza. "Nieleze kama unavyomweleza mama mkwe."

Mfungashaji alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu alale rumande. Kompyuta zao zote, alisema, zinatumia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Programu haipelekwi peke yake. Inafungwa kwenye kifurushi, na kila kifurushi kina orodha ya vitu ambavyo programu inavitegemea, ili kompyuta inayopokea ivivute vyote pamoja. Kazi yake ni kufunga vifurushi hivyo. Kabla kifurushi hakijatoka, Mkaguzi hukipitia na kulinganisha orodha na programu yenyewe. Kitu kikikosekana, anatoa onyo. Kikizidi, anatoa onyo pia.

"Zamani ukaguzi aliufanya meneja mwenyewe, juu ofisini kwake. Juzi juzi ndipo akanikabidhi mimi. Siku ya kwanza tu, Mkaguzi akaniambia sehemu ya sauti imeorodheshwa lakini haihitajiki. Na kanuni ya kwetu ni moja: kifurushi hakitoki na onyo hata dogo. Nikaitoa."

"Ukaitoa hivi hivi?"

"Hapana. Nilijaribu kwanza. Niliidanganya programu kwamba tangi limejaa, king'ora kikalia vizuri tu. Ndipo nikaruhusu kifurushi kiende."

Inspekta aliacha kuandika. "Kililia wapi?"

"Pale mezani kwangu."

"Kwani kompyuta ya mezani kwako unaifanyia nini kingine?"

"Kazi tu." Alifikiri. "Na redio. Nikiwa nafunga vifurushi huwa nasikiliza mpira."

"Na ile ya kwenye chumba cha mitambo inasikiliza nini?"

Mfungashaji alivua miwani taratibu akaiweka mezani. Sehemu ya sauti ilikuwamo kwenye kompyuta yake tayari, imeletwa na redio. Kompyuta ya chumba cha mitambo haikuwa na redio. Ilikuwa na kile tu kilichoandikwa kwenye orodha, na yeye ndiye aliyeifuta sehemu ya sauti humo.

"Mungu wangu," alisema. "Kumbe Mkaguzi alinidanganya."

"Kwani anaweza kudanganya?"

"Anaangalia kile programu inachokiita inapoamka. Hiki cha sauti hakiitwi inapoamka. Kinaitwa siku tangi likijaa." Alikuwa akisema taratibu, kama mtu anayejisomea mwenyewe. "Siku hiyo isipofika, kinaonekana hakina kazi."

Inspekta aliipenda hiyo, akaigeuza kichwani kwa namna yake. Ni sawa na bawabu anayehesabu wanaoingia kazini asubuhi, halafu aseme fundi bomba si mfanyakazi kwa kuwa hajawahi kumwona, ilhali fundi bomba huitwa bomba likipasuka. Bawabu hasemi uongo. Anasema alichokiona kutoka getini.

"Ulimwambia mtu kuhusu onyo hilo kabla ya kuiondoa?"

"Nilimuuliza shemeji. Meneja, yaani. Tulipishana kwenye ngazi. Nikamwambia, onyo likitoka tufanyeje? Akasema, kanuni si unaijua? Alikuwa na haraka zake."

Nje ya chumba Sajini hakujizuia tena. "Afande, maneno matamu hayo, lakini onyo lenyewe halipo. Nimekwenda mwenyewe. Meneja alichukua kifurushi cha zamani, kile ambacho hakijaguswa, akakipitisha kwa Mkaguzi mbele ya macho yangu. Kimya. Hakuna onyo la sauti wala la nini. Huyu bwana amelitunga. Tena aliomba cheo akanyimwa, na aliyemnyima ni huyo huyo shemeji yake. Sababu anayo, kukiri amekiri. Mkuu anataka jalada lifike kwa mwendesha mashtaka leo, kabla ofisi hazijafungwa."

"Hiyo ndiyo inayonitatiza," alisema Inspekta. "Mtu akitaka kudanganya hachagui uongo unaopimwa kwa kubonyeza kitufe kimoja."

"Labda hana akili."

"Miwani yake inashikiliwa na uzi na bado anafanya kazi ya macho. Akili anayo. Kachukue gari."

Kwenye benchi la ukumbini alikaa mke wa mtuhumiwa na mfuko wa nguo safi mapajani. Alisimama Inspekta alipopita, na Inspekta hakuwa mtu wa kumpita mtu aliyesimama kwa ajili yake.

"Kaa, dada yangu. Umekula?"

"Nitakula akitoka." Sauti yake ilikuwa tulivu. "Kaka amesema nisiwe na wasiwasi. Anashughulikia."

"Kaka yako ni yule meneja?"

"Ndiye huyo. Ndiye aliyenilea, afande. Wazazi walipoondoka mimi nilikuwa bado natembea kwa kushika ukuta. Ndiye aliyenisomesha, ndiye aliyeniozesha. Tena mume wangu ndiye aliyemwingiza pale kazini, kazi ile ile aliyokuwa akiifanya yeye kabla hajapandishwa." Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Alipopanda juu walimpa kompyuta mpya, akaikataa. Akabeba ile ile yake ya zamani mpaka ghorofani, tukamtania anahama na godoro lake. Alisema ameshaizoea."

Inspekta alimshukuru, akamwambia amwachie askari wa zamu mfuko, ataupeleka ndani. Walipofika taa za barabarani aligeuka kitini.

"Sajini, ulipoona Mkaguzi amenyamaza, ilikuwa kwenye kompyuta ya nani?"

"Ya meneja. Alinikaribisha mwenyewe, hata kabla sijamwomba." Sajini alimtazama kwa pembe ya jicho. "Kwa nini?"

"Nataka kujua tu," alisema Inspekta.

Ofisi ya Meneja ilikuwa nadhifu kupita kiasi: faili zimepangwa kwa rangi, kalamu zote zinatazama upande mmoja, na ukutani, ndani ya fremu, kanuni ya idara kwa herufi kubwa, kwamba hakuna kifurushi kitakachotoka kikiwa na onyo. Kompyuta ya mezani tu ndiyo ilikuwa imezeeka, pembe zake zimegeuka manjano. Mwenyewe alikuwa mtu wa heshima, mpole, mwenye mvi za mapema. Aliwapokea kwa mikono miwili, akaagiza maji ya kunywa.

"Ni jambo zito kwangu," alisema. "Kumshtaki mume wa mdogo wangu. Lakini mlinzi naye ana familia. Siwezi kupendelea."

Aliwaonyesha tena bila kuombwa. Kifurushi cha king'ora, kile cha zamani, kikapita kwa Mkaguzi, na Mkaguzi hakutoa hata herufi moja. Meneja alikunjua mikono kana kwamba anasema, mmeona wenyewe.

"Haiwezekani kwamba huwa analitoa onyo la namna hiyo kimakosa?" aliuliza Inspekta. "Onyo la uongo?"

"Afande, nimemtumia Mkaguzi huyu tangu nianze kazi. Hajawahi kunipa onyo la uongo la tegemeo hata siku moja. Akisema kitu kimezidi, kimezidi. Akinyamaza, kila kitu kiko sawa."

"Sajini, liandike hilo kama lilivyo." Alingoja mpaka kalamu itulie. "Na kompyuta ya shemeji yako iko wapi?"

"Iko chini, lakini haitawafaa. Tumeifuta yote, tukaiweka upya. Kwa ajili ya usalama."

Sajini aligeuka ghafla. "Umefuta kielelezo?"

"Hukuniambia nisiiguse," alisema Meneja, naye alisema kweli, na Sajini akabaki anatazama viatu vyake.

Inspekta tu ndiye aliyeonekana kufurahi. "Kwa hiyo sasa ni safi kabisa? Haina redio, haina mambo ya mtu yeyote?"

"Haina chochote."

"Basi nzuri sana. Ilete hapa."

Ililetwa na fundi wa zamu, ikawekwa kwenye meza ya wageni, kioo kikimtazama Inspekta na mgongo ukimtazama Meneja. Fundi aliweka Mkaguzi ndani yake kutoka kwenye ghala la programu la idara, kama anavyowekwa kwenye kompyuta yoyote mpya, akamwachia Sajini nafasi, akaondoka. Sajini alikuwa amepitia kozi ya kompyuta ya polisi na aliandika kwa vidole viwili, kwa uangalifu wa mtu anayetembea na maji kichwani.

"Tuanze na kifurushi ambacho shemeji yako hajawahi kukigusa," alisema Inspekta. "Kipo?"

"Kipo cha kuchapishia ankara. Nilikifunga mwenyewe, na tangu wakati huo hakijafunguliwa na mtu."

Sajini aliandika amri, akabonyeza. Mstari mmoja ukatokea kwenye kioo. Alifungua kinywa, na Inspekta akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Amesema?" aliuliza Meneja.

"Amesema." Inspekta aliinama karibu na kioo, akakunja uso. "Kwani hiki ulikifunga ukiwa na haraka?"

"Haraka ya nini?"

"Maana Mkaguzi analalamika. Mimi si mtaalamu, lakini inaonekana ulikosea kidogo. Si vibaya. Kila mtu huanza mahali."

Uso wa Meneja ulibadilika. Alikuwa amevumilia polisi ofisini mwake, amevumilia kutajwa kwa shemeji yake, lakini hili hakulivumilia. "Sikukosea popote. Hilo la herufi ni la uongo, linatoka hivyo hivyo siku zote. Herufi haziitwi mpaka ankara ianze kuchapwa, na Mkaguzi hawezi kuona hivyo, kwa hiyo anadhani..."

Aliishia hapo. Kwenye barabara ya chini lori lilikuwa linarudi nyuma, na mlio wake ulisikika mpaka likasimama.

Inspekta aligeuza kompyuta ili kioo kimtazame Meneja. Mstari ulikuwa pale, mmoja tu, ukisema kwamba sehemu ya herufi imeorodheshwa lakini haihitajiki.

"Hukuwa umeuona," alisema. "Sajini hakuusoma kwa sauti, na mimi sikutaja herufi. Sajini, soma alivyosema mwanzo."

Sajini alisoma. Hajawahi kunipa onyo la uongo la tegemeo hata siku moja.

"Sasa kipitishe kile cha king'ora. Kile ambacho hakijaguswa."

Vidole viwili vya Sajini vilitembea upesi kuliko mwanzo. Mstari mwingine ukatokea, neno kwa neno kama Mfungashaji alivyoueleza rumande: sehemu ya sauti imeorodheshwa lakini haihitajiki. Sajini aliutazama kwa muda, kisha akautazama mlango, na usoni mwake ilionekana wazi kwamba anafikiria jalada aliloliandaa.

"Kifurushi kile kile, Mkaguzi yule yule," alisema Inspekta. "Huku anasema, kwako ananyamaza. Kwani kompyuta yako umeifanyaje?"

Meneja alikaa chini. Hakukaa kwenye kiti chake bali kwenye cha wageni, kilichokuwa karibu.

"Unaweza kumwambia anyamaze," alisema. "Unaandika kwenye mipangilio yako kwamba jambo fulani asilitaje tena. Nilipokuwa mfungashaji yalikuwa yananisumbua, maonyo hayo mawili. Nilijua ni ya uongo. Kila siku yanatoka, kila siku nayaruka. Siku moja nikayanyamazisha."

"Kwenye kompyuta yako peke yake."

"Kwenye yangu peke yake. Ningeweza kuyaandika ndani ya kifurushi chenyewe, ili yeyote atakayekuja aone sababu. Ni mstari mmoja. Sikuandika."

"Na kisha ukatunga kanuni." Inspekta alionyesha fremu kwa kidevu.

"Kwangu mimi hapakuwa na onyo lolote, afande. Nilidhani vifurushi vyetu ni safi. Nilisahau kwamba mimi ndiye niliyemziba mdomo. Naapa nilisahau. Hata alivyoniuliza pale kwenye ngazi sikukumbuka."

"Ulikumbuka lini?"

Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Waliponipigia simu kwamba tangi limefurika na king'ora hakikulia. Sikuhitaji hata kumaliza kusikiliza. Nilijua ni nini, nikajua amefuata kanuni yangu, nikajua imetokana na mimi."

"Na ukaenda kumfutia kompyuta."

"Ningesema nini? Mimi ndiye ninayefundisha wengine hapa. Jina langu ndilo linalopelekwa juu kwa ukurugenzi." Alipangusa uso kwa viganja vyote viwili. "Nilifikiri watamwona mzembe. Wamfukuze kazi, nimtafutie nyingine, nimfidie kimya kimya. Sikufikiri mtasema amekusudia. Mlipolisema nilikuwa nimeshatoa maelezo."

"Ungeweza kuyabadilisha."

"Ningeweza."

Inspekta alimtazama kwa hamu ile ile aliyokuwa nayo asubuhi, ila sasa ilikuwa na huzuni ndani yake. Alikuwa amekutana na waongo wengi, na karibu wote alikuwa akiwaelewa. Huyu alimwelewa kuliko alivyotaka. Mtu kuchoshwa na kelele isiyo na maana na kuizima ni jambo ambalo hata yeye angelifanya. Aliyoyafanya Meneja baadaye ndiyo yaliyompeleka kituoni.

Alimpigia Mkuu simu hapo hapo, akamwambia jalada lisiende popote, mtuhumiwa aandaliwe kuachiwa, na kuna maelezo mengine yanakuja ya kutoa taarifa ya uongo kwa polisi na kuharibu kielelezo. Mkuu aliuliza kama ana uhakika. Alijibu kwamba ana kompyuta mbili zinazobishana na mtu mmoja aliyezisuluhisha. Sajini alifungia kompyuta zote mbili kwenye mifuko ya vielelezo, akabandika lakiri, akaandika tarehe kwa herufi nzuri kuliko kawaida yake.

Njiani Meneja aliongea mara moja tu.

"Mdogo wangu yuko pale?"

"Yuko tangu asubuhi."

"Naomba umwambie wewe, afande. Wewe unajua kueleza."

"Mumewe nitamweleza mimi, hiyo ni kazi yangu," alisema Inspekta. "Hilo la dada yako si la polisi."

Walipoingia ukumbini, mwanamke yule alikuwa bado kwenye benchi lile lile. Aliwaona watatu wakija: Sajini mbele, Inspekta nyuma, na katikati kaka yake, bila pingu, na koti lake la kazini. Alisimama, na uso wote ukafunguka. Inspekta alikuwa amezoea kupokelewa kwa kila aina ya uso mahali pale, lakini huo hakuuzoea.

"Umekuja," alisema. Alimshika kaka yake mkono kwa mikono yake yote miwili. "Askari wa zamu kaniambia wanamwachia. Nilijua ni wewe. Watu wananiambia, kaka yako ndiye aliyemshtaki, nikawaambia hamumjui kaka yangu. Nilijua hutamwacha."

Meneja alimtazama Inspekta. Inspekta alisogea pembeni kumpisha, akamvuta Sajini naye.

"Kaa kwanza, mdogo wangu," alisema Meneja.

"Nikae nini sasa, kaka, nimekaa tangu asubuhi." Alikuwa bado anacheka, machozi yakimtoka, na mkono wa kaka yake hakuuachia. "Niache nisimame. Niambie ulifanyaje."